Kung'uta Nyuzi

Siku Makiese alipokutana na Nsona, suruali yake ilikuwa imepasuka makalioni, na soko zima la Gambela lilikuwa limeshajua. Alikuwa akitembea kinyumenyume kando ya ukuta, gazeti nyuma, amevaa suti ya zambarau na viatu vya ngozi ya mamba, mpaka akagonga meza ya cherehani.

"Mama, nisitiri," alisema.

"Mama yako nani? Nina umri wa kukuzaa mimi?" Nsona alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Viatu vya mamba, suruali ya karatasi. Kinshasa hii!"

"Bendi yangu inapanda jukwaani sasa hivi. Mimi ndiye mpaza sauti. Nikikosekana, nani atawachezesha watu?"

"Wacheze na gazeti lako. Haya, nyuma ya pazia. Vua, nipe."

Akakaa nyuma ya pazia amejifunga kitenge chenye picha za kuku, akichungulia. Cherehani ya Nsona ilikuwa kuukuu, ya kukanyaga, na ilichechemea: tak-tak-tak, inavuta pumzi, tak. Alipomaliza alisimama akakung'uta nyuzi mapajani: nyonga kushoto, mikono chini, nyonga kulia, kisha akauokota uzi wa mwisho kwa kidole na kuupuliza. Alifanya hivyo kila siku bila kujijua. Makiese alisahau hata suruali.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Hivyo ulivyofanya."

"Chukua nguo yako uende, kichaa wewe." Lakini alikuwa anacheka.

Kuanzia hapo simu hazikupumzika.

"Umekula, moyo wangu?"

"Nimekula chikwanga na samaki wa chumvi. Wewe je, Makiese?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Basi utakufa njaa, maana nakata." Na hakati.

Mchana mmoja Makiese aliweka simu yake chini ya cherehani ikinasa sauti, eti awe anaisikia akiwa mbali. Nsona akamwita kichaa, kama kawaida yake. Kisha Makiese akamwambia bendi inatoa wimbo wenye mtindo mpya wa kucheza, kung'uta nyuzi. "Ni mtindo wako huo, mpenzi. Jiji zima litakung'uta nyuzi zako."

Na kweli likakung'uta. Wimbo ulitoka kiangazi kikianza, na haukuwa na mpinzani. Ulipigwa kwenye baa za Matonge, harusini, matangani; ukavuka mto kwenda Brazzaville, ukafika Luanda, ukafika Paris. Wanawake wanene walichutama wakapuliza uzi usiokuwepo. Bendi ikapandishwa ndege kwenda Ulaya, na Makiese akiwa humo na koti la manyoya.

Nsona aliusikia mara ya kwanza akiwa mezani kwake, kutoka kwenye spika ya muuza simu. Soko likasimama likakung'uta. Moyo ukamvimba kwa furaha, akangoja jina lake. Maana magitaa yakichemka, mpaza sauti hurusha majina, na kila mtu Kinshasa hutamani jina lake lirushwe japo mara moja. Likaja la mfanyabiashara wa mbao. Likaja la mchungaji fulani. Kisha: "Mama Bolumbu! Mama Bolumbu wa vitenge! Mama Bolumbu, uzi wa moyo wangu!"

Mama Bolumbu alikuwa mjane mwenye maduka na bangili za dhahabu hadi kwenye kiwiko. Nsona aliziba masikio. Tangu siku hiyo, wimbo ukifika kwenye jina lile, ama alizima redio ama aliondoka.

"Nsona!" alimtania Mama Vero, muuza samaki wa meza ya jirani. "Kumbe uzi wako, sindano ya mwenzio!"

Makiese alipiga simu kutoka Paris, furaha imemjaa.

"Moyo wangu, umeusikia?"

"Nimeusikia. Mpigie uzi wa moyo wako."

"Nani? Aa, Mama Bolumbu! Yule kalipia, Nsona. Jina hulipiwa. Wewe mtoto wa Kinshasa, hujui?"

"Najua. Waliolipa umewataja. Mimi niliyekupa bure niko wapi?"

"Nsona, hukusikiliza mpaka mwi…"

Akakata, akaizuia namba yake. Tuseme ukweli, Makiese alikosa. Kabla ya kupanda ndege alipaswa kuja kusema kwa kinywa chake. Lakini sifa zikianza kumlevya mtu, hujiona ameshasema yote.

Wiki zikapita. Nsona alikonda, akashona mikono ya gauni nje ndani. Ndipo Mama Vero alipokuja kujaribisha gauni lake la harusi ya mpwa wake, gauni la kijani lenye mabega ya kupanda, simu ikiimba kifuani mwake. Jina la Mama Bolumbu likalia.

"Mama, zima hiyo."

"Nizime wakati patamu ndipo panakuja? Ngoja cherehani."

"Cherehani gani?"

"We mtoto! Magitaa yananyamaza yote, inabaki cherehani peke yake, sisi chini tunakung'uta. Dunia nzima inajua, ila wewe?"

Na magitaa yakanyamaza. Tak-tak-tak, pumzi, tak. Kisha, kwa mbali, sauti ya mwanamke anayecheka: "Kichaa wewe."

Nsona alikaa chini, pini zikiwa bado mdomoni, akalia. Halafu akakasirika upya. Cherehani imepata sauti, mwenyewe hana jina? Akaifungua namba ya Makiese, akapiga.

"Nimesikia mpaka mwisho," alisema. "Bado nina swali."

"Liweke," Makiese alijibu. "Nakuja. Na siji peke yangu."

Alikuja nyumbani kwa kina Nsona Jumamosi, mchana kweupe, na wajomba zake na makreti ya bia, kufunga uwanja, yaani kuweka posa kama desturi inavyotaka, ili mwingine asije kubisha hodi. Safari hii alivaa suti ya kijivu, ya kawaida tu. Nsona alitoka na kitenge cheupe alichojishonea mwenyewe. Mjomba wa Nsona akamimina bia kwenye glasi, akamwekea mbele.

"Binti, tunywe kinywaji cha huyu, au tukirudishe?"

"Kwanza anijibu," Nsona alisema, na mashangazi wakaguna. "Jina langu uliliweka wapi?"

Makiese alisimama. "Nilikosa kwa kutokuambia. Kila jina la wimbo ule limenunuliwa. Lako nilitaka nilitaje pasipo na aliyelipa. Hapa."

Akainua kichwa. Hakuna kipaza sauti, hakuna gitaa. "Nsona Lukombo! Binti wa Mama Ndona! Nsona wa Gambela, fundi aliyenisitiri!"

Majirani walipanda ukutani. Mama Vero akaanza kukung'uta bila muziki. Nsona alijipangusa mapajani ingawa hapakuwa na uzi.

"Rudia," alisema. "Mama Bolumbu hukumtaja mara moja."

Makiese akarudia, akarudia, mpaka sauti ikakauka. Hapo ndipo Nsona alipoinua glasi, akanywa kidogo, akampa mjomba wake.