Maneno ya Baada ya Geti

Kufuli lilikuwa zima. Hilo ndilo lililomuudhi Yunisi kuliko yote, maana mwizi anayevunja kufuli angalau hutoka jasho. Huyu alifungua droo kwa ufunguo, akachukua kinasa sauti, akafunga tena kwa adabu na kwenda zake kunywa chai na wenzake.

Ilikuwa Jumanne, kabla ya kengele ya kwanza, katika ofisi ya walimu ya sekondari moja ya binafsi ambayo watu wa Rusimbi huiita Mabati Mekundu. Yunisi Bonifasi, mtafiti na mzaliwa wa hapohapo Rusimbi, alikuwa akiwahoji walimu wa shule hiyo kuhusu mahusiano yao kazini: nani anamwamini nani, nani anamtisha nani, na hayo yote yanawafanyaje wao na wanafunzi wanaowafundisha. Kila mwalimu alijichagulia jina la samaki wa ziwani, huyu Kuhe, yule Mgebuka, ili jina lake halisi lisisikike. Na kila mmoja Yunisi alimwahidi, wakitazamana usoni, kwamba atakayosema hayatatoka.

Jana yake jioni alikuwa amemhoji mwalimu wa baiolojia, Safina Abdulkarimu, mtoto wa Ujiji. Walipomaliza alizima kinasa sauti, akakifungia drooni mwenyewe, akaaga. Hakuna aliyemwacha mgeni aende peke yake. Safina alitoka kumsindikiza. Regina, mwalimu wa Kiswahili na shoga yake Safina wa miaka mingi, aliacha madaftari aliyokuwa akisahihisha barazani akaungana nao mlangoni. Selestini, mwalimu wa taaluma, alimpokea Yunisi mkoba, akaubeba hadi getini, kisha kengele ya usafi ikalia naye akarudi kusimamia wanafunzi. Wanawake watatu wakaendelea mdogomdogo hadi penye mchikichi kando ya barabara, wakapiga soga mpaka bajaji ikaja ikawachukua Yunisi na Safina.

Sasa droo ilikuwa tupu, na sauti ya mkuu wa shule ilikuwa ikivuma kutoka chumba cha pili. Yunisi akaifuata.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Karibu, mama mtafiti, umekuja wakati mzuri." Mwalimu Erasto hakuinuka kitini. Mbele yake alisimama Safina, mikono nyuma, kama mwanafunzi mchelewaji. "Mwalimu wangu huyu anasema eti akisikia honi ya gari langu getini, tumbo linamkata kama mwenye uchungu wa kuzaa. Hebu niambie, mimi nimekuwa mkunga?"

Maneno yale Yunisi aliyajua. Yalikuwa ya Safina, neno kwa neno.

"Umeyasikia wapi, mkuu?"

"Nina masikio. Saa tisa mwenyekiti wa bodi, Mzee Leonardi, atakuwa hapa. Ama huyu aombe radhi mbele ya walimu wote na kukana uzushi wake, ama akatafute shule nyingine. Hatufugi nyoka hapa."

Safina hakulia. Alimgeukia Yunisi polepole. "Uliniahidi, dada," alisema, akatoka.

Yunisi angeweza kwenda polisi. Lakini polisi wakikipata kile kinasa sauti watakisikiliza, na mle zilikuwamo sauti za walimu wote. Alipandisha kanga yake begani kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi, akaanza kazi mwenyewe.

Alianza na Martini, mhudumu anayefungua ofisi alfajiri. Alimkuta akipanga vikombe.

"Leo ulipofungua, droo ilikuwaje?"

"Imefungwa, mama. Nilipangusa hata lile kufuli."

"Ukatoka?"

"Nikaenda kuteka maji. Walimu wakaanza kuingia. Madam Regina ndiye wa kwanza kama kila siku, chai ni yeye. Halafu mwalimu Selestini. Halafu wengine, sikuwahesabu." Akashusha sauti. "Lakini mama, droo ni ya mwalimu Selestini. Ufunguo wa pili ni wake. Na yeye na madam Safina hawaivi chungu kimoja, wanagombea hicho cheo cha taaluma."

Hilo shule nzima ililijua. Saa nne, wanafunzi wakiwa mapumzikoni, Yunisi alimkuta Selestini darasani akifuta ubao.

"Mwakeye, mwalimu," alimsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye. Najua ulichofuata. Umekuja kunifunga pingu."

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Unaning'inia msumarini nyuma ya ratiba, mahali ulipokuwa mwaka jana na mwaka juzi. Kila mwalimu humu anaujua. Yewe, hata mwenye kuuza vitumbua anaujua!" Alitupa dasta mezani, vumbi likaruka. "Mimi na Safina tunagombea cheo, kweli. Akikosea mtaala nitamwambia mbele za watu, na yeye ataniambia. Lakini kwenda kumchongea kwa yule bwana? Mimi mwenyewe aliniita mjinga mbele ya kidato cha pili, watoto wakacheka. Nikamchongee mwenzangu kwake ili iweje?"

"Jana ulitusindikiza."

"Nilikubebea mkoba hadi getini, kengele ikalia, nikarudi. Kama kubeba mkoba ni kosa, niandike."

Yunisi hakujua amwamini au la. Hasira ya kweli na hasira ya kuigiza hufanana sana.

Regina alikuwa nyuma ya jiko la shule, amemkalisha Safina kwenye kigoda na kumshika mabega. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya Safina mwenyewe.

"Dada Yunisi, sikulaumu," Regina alisema, "lakini kile kidude chako kimemponza mwenzangu. Mtu amekaa mbele yake akamwaga yote mle ndani, ya honi, ya tumbo, ya uchungu. Sasa kimeibwa, mkubwa kasikiliza, basi. Safina, omba radhi mama, yaishe. Maneno tu hayo."

"Siombi," Safina alijibu.

"Una watoto."

"Ndiyo, nao wananiangalia."

Yunisi aliwaacha. Alimtazama Regina kwa huruma, kwa sababu alikumbuka alivyomhoji wiki iliyopita. Swali lilikuwa: siku ukizidiwa hapa kazini, unamwegemea nani? Regina hakufikiri hata kidogo. Safina, alisema, bila Safina ningekuwa nimeshaacha kazi. Hilo nalo lilikuwa mle ndani ya kinasa sauti.

Saa saba alitoka nje ya geti kutafuta maji ya kunywa. Jua lilikuwa linachoma, akajisogeza kwenye kivuli cha ule mchikichi wa jana. Gari la mkuu lilikuwa likirudi kutoka mjini. Likapiga honi getini.

Honi ile ikamkumbusha. Jana pia ilipigwa, wakiwa wamesimama papa hapa. Safina alishtuka, akashika tumbo, akacheka kwa aibu na kusema, *Unaona, dada? Nikisikia hiyo honi tumbo linanikata kama mwenye uchungu wa kuzaa.* Hakuyasema ofisini. Ofisini, mbele ya kinasa sauti, Safina alikuwa amejibu kwa heshima na tahadhari kama mtu aliye mbele ya hakimu. Yaliyomkaa moyoni aliyatoa njiani akisindikiza mgeni, kama tufanyavyo sote. Mgeni hukaa sebuleni saa nzima mkazungumzia mvua, na habari yenyewe mnampa akishavaa viatu.

Na wakati huo kinasa sauti kilikuwa kimezimwa, kimefungiwa drooni.

Yunisi aliegemea mchikichi. Alikuwa amepata jibu, na hakulipenda. Alitamani sana mwizi awe Selestini.

Saa tisa walimu walikusanyika ofisini. Mzee Leonardi, mwenyekiti wa bodi, aliketi mbele na fimbo yake, Erasto kando yake.

"Shikamoo, Mzee," Yunisi alisema kabla mkuu hajafungua kikao. "Naomba nimuulize mkuu swali moja."

"Marahaba, binti. Uliza."

"Mkuu, maneno ya Safina umeyasikia kwenye kinasa sauti changu?"

Erasto alitabasamu. "Kifaa chako kimepotea, mimi sijakiona. Lakini maneno yakisharekodiwa hayana mwenyewe."

"Hayakurekodiwa. Aliyasema nje ya geti, chini ya mchikichi, ulipokuwa ukipita na gari lako. Wakati huo kinasa sauti kilikuwa kwenye ile droo." Akawageukia walimu. "Aliyekiiba alitaka Safina aamini kwamba kifaa ndicho kilichomsaliti. Alisahau kitu kimoja. Hakuwapo wakati wa mahojiano, alitukuta mlangoni, kwa hiyo hakujua lipi limesemwa ndani na lipi njiani. Mwalimu Selestini, jana uliishia wapi?"

"Getini," Selestini alisema. Kisha akaelewa, akafumba macho. "Mama weee."

"Waliovuka geti ni watatu. Mimi, Safina, na mmoja mwingine. Leo asubuhi huyo mmoja ameniambia kwamba ya honi na ya tumbo yalimwagwa mle ndani ya kidude changu."

Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Regina alikuwa amekwisha kuinama. Alitia mkono kwenye kikapu chake, chini ya mfuko wa sukari ya chai, akatoa kinasa sauti na kukiweka mezani.

"Sikukisikiliza," alisema. "Safina, Mungu anaona, sikukisikiliza."

"Kwa nini?" Safina aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Jana mliponiacha barabarani, mkuu alinikuta narudi shuleni. Akasema mkataba wangu unaisha mwezi huu, nimwambie mnamsema nini, kama bado nataka kufundisha hapa. Niliogopa. Jina lako lilikuwa la kwanza kunitoka." Regina alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Na sitadanganya, nilikuwa na wivu pia. Watoto wote wanakimbilia kwako. Nikaona, ukiyumba kidogo tu, siku moja tu... Kisha usiku sikulala. Nikafikiri kifaa kikipotea, utakilaumu kifaa, mimi na wewe tutabaki kama zamani."

"Kwa hiyo mmesikia!" Erasto aligonga meza. "Maneno ameyasema. Popote alipoyasemea, ni matusi. Na wewe mama, kifaa hicho kinabaki hapa, kilirekodi katika shule yangu."

Yunisi alikichukua, akakitia kifuani ndani ya kanga. "Njoo ukitoe," alisema.

Mzee Leonardi alikohoa. "Mwalimu Safina, ulisema au hukusema?"

Safina alisimama. Safari hii mikono haikuwa nyuma.

"Nilisema, Mzee. Nilisema njiani kwa kunong'ona, na sasa nasema hapa. Honi yake ikilia tumbo linanikata. Ananitukana mbele ya wanafunzi, kisha naingia darasani kuwafundisha haohao. Siombi radhi. Nifukuzeni."

"Na mimi linanikata," Selestini alisema, akasimama.

Mwalimu wa hesabu akasimama. Mpishi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akasema yeye hukimbilia chooni. Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakawa wamesimama isipokuwa Regina na mkuu. Mzee Leonardi akagonga fimbo yake sakafuni.

"Mwalimu Safina haendi popote," alisema. "Mikataba yote nitaishughulikia mimi mwenyewe. Na wewe, Erasto, kaa. Mazungumzo yetu ndiyo kwanza yanaanza."

Yunisi aliaga. Safina akatoka naye, Selestini akapokea mkoba, na walimu wengine wakafuata nyuma, kundi zima, wakisema kwa sauti za kawaida mambo waliyozoea kunong'ona. Regina naye aliinuka kwa mazoea, akashika njia pamoja nao, akijifuta macho. Hakuna aliyemzuia mpaka walipofika getini.

Safina alisimama, akamgeukia.

"Nitakusamehe, Regina, sijui lini," alisema. "Leo wewe ishia hapa."

Wakavuka wakaelekea kwenye mchikichi. Regina akabaki getini, mkono kwenye chuma, akiwasikiliza.