Ukungu wa Godoro

Jioni ile Mpishi alikwenda kwa mdogo wake kufuata sufuria yake ya presha. Hakwenda kwa mapenzi. Ilikuwa sufuria nzuri ya kuchemshia maharage, na huyo mdogo mtu aliiazima kwa siku chache kisha akajifanya amesahau. Ndivyo alivyojimilikisha na nyumba ya marehemu mama yao, matanga hata hayajaisha.

Mtaani walimwita Profesa. Hakuwa profesa wa chochote. Alisoma kozi ya kilimo nusunusu, akarudi na koti jeupe, na tangu siku hiyo hajapata kutamka neno "sijui."

Mpishi alimkuta kibandani nyuma ya nyumba, amechutama mbele ya jiko la mkaa. Sufuria ilikuwa motoni, inafoka.

"Unapika nini humo?"

"Mchele, dada, umo ndani ya chupa. Lakini si wa kula. Ni wa ukungu."

Mpishi akavuta kigoda. Amepikia watoto wa shule umri wake wote, wala hakuwahi kusikia mtu anaupikia ukungu.

Profesa akaeleza, kidole juu. Mchele ukichemshwa ukapoa, unapandwa ukungu. Ukungu ukijaa, unalowekwa, unachujwa, na maji yake yananyweshwa mimea. "Si mbolea, dada, wala si dawa ya wadudu. Mmea ukiyaonja yale maji unadhani umevamiwa. Unajihami. Mizizi inazama, majani yananenepa, matunda yanawahi."

"Kwa hiyo kazi yako ni kuyatisha matango."

"Kisayansi," alisema Profesa.

"Na mkeo yuko wapi?"

"Yuko bandani na matango, anapumzika." Akapepea mkaa. "Unajua ukungu nilionunua dukani ulikufa wote? Huu niliupata mwenyewe. Chumbani kwa mama."

Mpishi akasogeza kigoda nyuma.

"Kwenye godoro lake. Si tulilikunja tukaliegemeza ukutani baada ya kuzika? Nilipofungua mlango nikakuta limekuwa jeupe lote, kama pamba. Nikakwangua."

Hapo ndipo Mpishi alipoitambua harufu ya ule mvuke. Haikuwa ya mchele peke yake. Ilikuwa karafuu. Mama yao alikufa akitafuna karafuu kwa ajili ya jino bovu alilokataa ling'olewe.

Watu walisema yule mama mchawi. Mpishi hakuwahi kuwabishia. Hakuona faida ya kusema uongo bure. Alichojua ni kwamba mtu akichukiwa na mama yao hukonda. Na hakuna aliyechukiwa kama mke wa Profesa, asiye na mtoto, asiye na kwao pa kurudi, tena ana upole ule wa kutia watu hasira.

Akainuka kwenda bandani.

Ndani ya lile banda la plastiki mlikuwa na joto la kinywani. Majani ya matango yalikuwa makubwa kama sinia. Kimya. Kisha... ssss... kama mtu anayeburuta nguo sakafuni.

Hapakuwa na upepo.

"Wifi?"

"Niko huku, wifi."

Alikuwa mwisho wa tuta, kwenye kiti cha plastiki, miguu peku imezama udongoni hadi vifundoni. Amebaki mifupa. Lakini matango ya tuta lake yalikuwa manene kama mapaja.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekaa tu. Mwenzangu anasema nikikaa hapa yanakua zaidi. Amepima." Akatabasamu. "Na mama anazungumza nami siku hizi."

"Mama yupi?"

"Mama yetu. Enzi zile hata jina langu hakulitaja. Sasa ananibembeleza. Anasema amenisamehe, nitulie tu... nitulie..."

"Mama hakuwahi kusamehe hata kuku," Mpishi alinong'ona. "Inuka."

Akamshika makwapa, akavuta. Udongo ukanyanyuka pamoja na mguu.

Nyuzi.

Nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele. Zilitoka tutani zikaingia chini ya kucha za yule mwanamke... na zilikuwa zinapwita.

Kikono cha tango kikamgusa Mpishi shingoni. Taratibu. Kikajisokota. Harufu ya karafuu ikamjia sikioni, ya moto, kama pumzi.

Hata wewe...

Labda yalikuwa majani tu. Mpishi hakungoja kuhakikisha. Akakata kile kikono kwa meno, akatema, akarudi kibandani na kuipua sufuria yake kwa upindo wa gauni.

"Dada, bado haijaiva."

Mpishi akaachia mvuke hadi ukaisha kupiga kelele, akafungua kifuniko, akazitupa chini zile chupa za mchele, na maji yanayotokota akaenda kuyamwaga tutani, karibu na miguu ya wifi yake kadiri alivyothubutu.

Tuta likashusha pumzi.

Pumzi ndefu, ya mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Majani yote yakalegea kwa pamoja. Nyuzi zikakatika, na wifi akamwangukia kifuani, mwepesi kama kapu tupu, akilia kwa kuungua. Kilio hicho kilimfurahisha Mpishi. Maiti hailii.

Profesa alisimama mlangoni. Akamwona mkewe chini, miguu imetoka malengelenge.

"Umeniulia matango," alisema.

Wifi akahamia kwa Mpishi. Hospitali wakasema ana upungufu wa damu. Bwana shamba naye aliuchunguza ule ukungu, akasema ni wa kawaida, uko kila mahali. Alidhani anawatuliza.

Baadaye ikasikika sokoni kwamba matango ya Profesa yamerudi, tena makubwa kuliko ya mwanzo. Mpishi akaenda kuchungulia.

Profesa alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Koti jeupe, miguu peku udongoni. Mashavu yamebonyea. Amefumba macho, anatabasamu kama mtoto anayekunwa mgongo.

"Dada," alisema bila kugeuka. "Mama alikuwa ananitaka mimi. Yule alinishikia nafasi tu."

Kibandani jiko lilikuwa limewaka, na maji yalikuwa yanachemka katika sufuria nyingine, ya kuazima bila shaka. Mpishi aliyatazama maji. Akamtazama mtu aliyemfanya mkewe samadi, tena akapima mavuno.

Akayaipua, akayaweka chini yapoe, akaenda zake.

Nyumbani alimkuta wifi barazani anachambua maharage.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Amenenepa?"

"Matango ndiyo yaliyonenepa."

Wifi hakucheka. Aliinua miguu yake sakafuni, akaikunja chini ya gauni. Mpishi akamwona mjinga. Kisha, taratibu, akainua na ya kwake.