Kochi Lisilo na Kwao

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika siku ile, mwisho wa mwezi, kila mtu na ukuta wake. Mpambaji alipenya mpaka pembeni kabisa, kule wanakorundika rangi zilizorudishwa na wateja wenye kubadili mawazo, zinazouzwa nusu bei. Ndoo yake alishaiona: lita ishirini, rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Akashika mshikio. Papo hapo mkono mwingine, mkubwa, wenye madoa meupe mpaka kiwikoni, ukatua juu ya wake.

"Samahani dada, hii nimeiona kwanza."

"Umeiona kwa macho. Mimi nimeishika."

"Na mimi nimeishika."

"Umenishika mimi, kaka. Ndoo iko chini ya vidole vyangu."

Jamaa akatazama, akakuta ni kweli, akauondoa mkono haraka kama aliyegusa pasi ya moto. Alikuwa mrefu, ovaroli yake imekula rangi za kila aina, kofia kaigeuza nyuma mbele. Mpambaji naye alikuwa na gauni la buluu lililomkaa barabara, futi ya kupimia shingoni badala ya mkufu, na raba miguuni, maana hakuwa mtu wa kutulia.

"Unampelekea fundi gani?" jamaa akauliza.

"Najipigia mwenyewe. Sebule na korido."

"Sebule utaimaliza. Na dari utaifikiaje, bibie, kwa urefu huo?"

Mpambaji akampandisha na kumshusha kwa macho. "Unapiga rangi au unapiga domo?"

"Rangi mchana. Domo nikipata mtu wa kunisikiliza."

Mpambaji alicheka bila kutaka, na hapo ndipo alipopatikana. Ndoo ikaenda kwake, na fundi rangi akaifuata.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mwalimu, mama mstaafu aliyetaka kuuza ahamie karibu na wajukuu. Dalali alikuwa ameitembeza mwaka mzima, watu wanaingia, wanakunja pua, wanatoka. Hiyo ndiyo kazi ya mpambaji: kuichukua nyumba iliyochoka na kuirudishia uso kwa gharama ndogo, mnunuzi afike mlangoni atamani kuvua viatu. Alitoa nusu ya vitu vya Mwalimu akavipeleka stoo. Akasugua vigae kwa siki, akabadilisha vishikio vya makabati, akatundika mapazia juu karibu na dari ili chumba kionekane kirefu. Kioo akakiweka mkabala na dirisha, sebule ikapata mwanga mara mbili. Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi, akimchokoza kutwa nzima.

"Hicho kioo umekihamisha mara ya nne, mpenzi. Kinakukimbia?"

"Shughulika na dari yako."

"Umeniita nani?"

"Sijakuita kitu."

"Basi niite."

Wiki ya pili alimwita laazizi, kwa sauti ndogo, na fundi karibu aanguke na rola yake.

Sasa niwaambie siri ya huyu dada, kwa sababu yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Kochi la kijani lililopendezesha ile sebule lilikuwa lake. Meza ilikuwa yake, taa ya kusimama yake, kitanda cha mbao chake, hata mapazia alikuwa ameyavua kwenye dirisha lake mwenyewe. Kukodi vitu ni ghali, kwa hiyo alibeba vya kwake. Na kila mara wanunuzi waliviona, wakavipenda, wakasema wanachukua nyumba na kila kilichomo, naye akawauzia, akanunua vingine, akaanza upya. Kwa miaka mitatu alikuwa amehama vyumba sita. Kochi lake lilijua sebule za watu kuliko chumba chake. Kwake palikuwa na godoro sakafuni na ndoo ya kukalia, na aliona aibu kila alipofikiria fundi apaone. Alimpenda, hilo hakulifanyia mzaha, na aliogopa akipaona atamwona ni tapeli wa uzuri.

Jioni fundi alipiga simu. "Umefika, mrembo wangu?"

"Nimefika."

"Umekaa wapi nikuone kichwani?"

"Kwenye kochi," alisema, na ndoo ikalia chini yake.

"Mbona sauti yako inarudi kama uko ndani ya tangi?"

"Sebule kubwa."

"Nije Jumapili niione?"

"Jumapili nina kazi."

"Kila Jumapili una kazi. Kuna mtu huko unamficha?"

"Nimfiche nani, laazizi? Lala." Akakata, akasimama, akakizunguka chumba mara kadhaa kana kwamba angekuta kiti mahali.

Jumapili alikuwa kwa Mwalimu kweli, akipanga mito. Aliporudi, jirani wa mlango wa pili alikuwa anamenya chungwa.

"Kaka mmoja amekuja, viatu vina rangi. Akachungulia dirishani, pazia si hamna. Akaniuliza kama umehama."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sijui, ila majuzi gari lilikuja kubeba kitanda." Jirani akatema mbegu. "Basi akaniachia machungwa aliyokuwa nayo. Matamu."

Mpambaji akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikakatwa. Jumatatu ikapita hivyo, Jumanne hivyo; rangi ilishaisha kwa Mwalimu, na fundi hakuwa na sababu ya kuja. Kazi haikamatiki. Alitoa mito akairudisha, akageuza zulia, akaligeuza tena, mpaka Mwalimu akavua miwani.

"Mwanangu, zulia halina kosa. Chukua simu yangu umpigie. Namba yangu hataikataa."

Ikapokelewa mlio wa kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia mpambaji.

Fundi akaitambua sauti. Akasema, "Umehama hata kuniaga hujaniaga."

"Sijahama."

"Nimekiona chumba kwa macho yangu. Nilikuja na machungwa kama mjinga."

"Njoo kesho hapa kwa Mwalimu kabla ya saa nne, wanunuzi hawajafika. Nikuoneshe. Ukiona sina maana, uondoke, sitakuita."

Alikuja, shati limepigwa pasi, uso umefungwa. Mpambaji alimzungusha kitu kwa kitu kama dalali.

"Kochi hili, langu. Meza, yangu. Taa, yangu. Kitanda kile unachokiona pale, changu, na mimi nalala chini. Nilikuwa nakudanganya niko kwenye kochi, na nimekaa kwenye ndoo."

Fundi alikaa kwenye kochi taratibu, akapapasa mkono wa kochi. Hakucheka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu. Napamba kwa watu, kwangu hapakaliki. Miaka mitatu nimehama vyumba sita."

"Ndoo ningekaa nayo, mpenzi. Ningeleta ya pili." Akatazama chini. "Kinachonitisha si ndoo. Wewe kila kitu chako kina safari. Vyumba sita. Na mimi nitakuwa wa ngapi?"

Swali lilimchoma. Kabla hajajibu, dalali akabisha hodi na wanunuzi wake, bwana mmoja mpole na mkewe mwenye macho makali. Mke aliingia sebuleni, akasimama, akashika kifua. Akapita jikoni, chumbani, akarudi, akaketi palepale fundi alipoinuka.

"Tunachukua," alisema. "Lakini na hivi vyote. Bila kochi hili sebule haitakuwa hii."

Dalali akamkonyeza mpambaji, mambo yamejipa. Mwalimu mlangoni alikuwa amefumbata mikono, midomo inacheza kimya kimya. Mwaka mzima alikuwa anaingojea siku hii. Mpambaji alijua maneno yake, ameyasema mara tano: chukueni tu. Yalishafika ulimini. Fundi alishageuka, anaelekea mlangoni.

"Haviuzwi," akasema.

Dalali akakohoa. "Dada yangu, fikiria kidogo."

"Nimefikiria miaka mitatu." Akamgeukia yule mke. "Nyumba ni ya Mwalimu, na ni nzuri, hata mkiikuta tupu. Mapazia nitawashonea mengine bure, na kochi nitawapeleka kwa aliyelitengeneza. Lakini hivi ni vyangu. Nataka nivikalie mwenyewe."

Mke wa yule bwana akamkazia macho, kisha akamtazama fundi aliyesimama kizingitini bila kutoka wala kuingia. Akatabasamu kwa upande mmoja. "Mapazia niyapate kabla sijahamia," akasema, na Mwalimu akashusha pumzi nyumba nzima ikasikia.

Walipobaki wawili, fundi akauliza, "Na vinakwenda wapi?"

"Wewe una nyumba ya vyumba viwili, kuta zimepigwa rangi mpaka zinang'aa, na hakuna pa kukaa. Umeniambia mwenyewe."

"Nikaongee kwanza na shangazi yako aliyekulea. Nataka nikuoe, si nikuhamishe."

"Kaongee naye. Lakini kabla hujaongea, kapime mlango wako. Kochi hili halipiti kila mahali." Akavua futi shingoni, akamvisha.

Aliondoka karibu anakimbia. Mpambaji akakaa kwenye kochi lake mchana kweupe, mikono mapajani, hakuhamisha kitu. Saa haikupita, simu ikalia.

"Nimepima," fundi alisema, anahema. "Halipiti, laazizi. Labda ning'oe mlango na fremu yake, na kipande cha ukuta."

"Ng'oa," akasema.