Pumzi Juu ya Kioo

"Dada, miwani yako imelala upande kama mlango uliong'oka bawaba."

Mkata tiketi aliinua uso. Kituo cha treni kilikuwa kimefurika, watu wanasukumana na mizigo yao, na huyu kijana wa miwani na shati la samawati, badala ya kutaja aendako, anakosoa uso wa mtu!

"Kaka, unasafiri au unasafirisha maneno?"

"Vyote. Mimi fundi miwani. Nipenyezee hapo dirishani, mara moja tu."

Kwa nini alimpa, mwenyewe hakujua. Fundi alichomoa koleo dogo mfukoni, akanyoosha kipini, akairudisha. Dunia ikakaa sawa. Foleni nzima ikapiga miluzi.

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, na kwenye simu yakanoga.

"Umeamkaje, Macho Manne?"

"Salama, Koleo wangu."

Lakini nje ya kile kioo cha dirisha, binti alikuwa mtu mwingine. Aliongea kwa pembeni, kiganja mdomoni. Kila asubuhi alisukutua kwa dawa kali ya buluu hadi machozi yakamtoka, na mkobani hakikukosekana kichupa cha kupulizia kinywa. Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa kinywani, na alidhani amekizika.

Jumapili moja bustanini, gauni lake la njano limemkaa kama ameshonewa mwilini, alijipulizia kinywani tena na tena. Fundi akamshika mkono.

"Laazizi, usinichukie. Hiyo inafunika harufu tu, haiponyi. Muone daktari wa meno."

Aliondoka bila kuaga. Simu akazima.

"Anajifanya nani yule?" alimlilia dada yake. Dada akakwepa macho yake, na hapo akaelewa: nyumba nzima ilijua.

Akaenda kwa daktari, hasira zikiwa bado kooni.

"Kazini unakunywa maji?"

"Nikinywa nitakwenda msalani, daktari. Nikitoka dirishani, foleni inanitukana."

"Basi unashinda na kinywa kikavu, na kinywa kikavu ni kiota cha harufu. Hiyo dawa yako ina spiriti, inakikausha zaidi."

Akamkwangua ukoga uliogandamana kwenye fizi, akamfundisha kusugua ulimi, akampa ya kusukutua isiyo na spiriti. Chupa ya maji ikahamia dirishani. Foleni ikitukana, itukane.

Fundi siku hizo alipanga foleni ya dirisha la pili, kichwa chini. Asubuhi moja binti alipomwona tena, alifunga dirisha lake, akatoka.

"We dada, unakwenda wapi?" foleni ikafoka.

"Kusema asante!"

Akasimama mbele ya fundi, uso kwa uso, bila kiganja. Akamvua miwani, akaihemea: haaa! Kioo kikafanya ukungu. Akakifuta kwa ncha ya skafu yake, akamvika.

"Walionipenda wote walinisitiri," alisema. "Wewe ukanitibu. Asante."

"Nilidhani nimekupoteza."

"Ulinipoteza kidogo. Unaniona sasa?"

"Nakuona. Nataka nikuone maisha yangu yote, Macho Manne. Alfajiri, kabla hujapiga mswaki."

"Hata saa hiyo?"

"Hasa saa hiyo. Nioe... yaani, nikuoe!"

Bibi mmoja mwenye kapu akapaza sauti: "Mwanangu, mkubalie upesi, treni itatuacha!"

"Nimemkubali, bibi," alicheka, meno yote nje, akamgeukia fundi. "Haya, wewe unakwenda wapi?"