Viganja Nyuma ya Karavani

Mzee Merv Pascoe alikuwa bingwa wa kuvuta karavani kuliko binadamu yeyote aliyewahi kushika usukani Australia nzima. Kwenda mbele, lakini. Kurudi nyuma, bwana, sahau. Ile nyumba yake ya magurudumu ikishafungwa nyuma ya gari, mwambie apige rivasi aingie sehemu ya kulala: atakuangushia mti, bomba la maji na choo cha umma kwa mpigo mmoja, kisha atoe kichwa dirishani akuulize, "Nimekaa sawa?"

Kazi ya rivasi ilikuwa ya Nola, mkewe. Kambi yoyote watakayofika jioni, Nola anashuka, anazunguka nyuma ya karavani na redio koli yake mkononi, anamwongoza. Wale wazee wenzao waliokwishafika wanavuta viti, wanafungua bia, wanakaa kutazama, maana huko barabarani hakuna sinema inayomshinda mume na mke wanaopiga rivasi.

"Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu, kichwa maji wewe!" Nola anafoka redioni mpaka ndege wanahama mkoa. "Nani alikupa leseni? Simama! Nimesema simama!"

Merv alikuwa na ugonjwa wa kutosikia neno simama. Basi Nola anapiga nyuma ya karavani kwa viganja, mara mbili, pa, pa, pete yake ikilia kwenye bati. Hapo ndipo Merv anakanyaga breki. Miaka yote ya ndoa yao, pa-pa ile ilikuwa na maana moja: usiongeze hata unywele.

Nola alikufa mwezi wa nne, kwa moyo, akiwa anaanua nguo.

Sasa, kulikuwa na safari moja ambayo walikuwa wanaipanga tangu zamani. Kuvuka Nullarbor, ule uwanda usio na mti, mpaka Perth kwa Kerryn, binti yao wa pekee. Kila majira ya baridi walikuwa wanatandaza ramani kwenye meza ya jikoni, wanaweka punje za maharage pale watakapolala. Hapa, halafu hapa, halafu hapa. Wanabishana, wanahamisha punje, mwisho wanakunja ramani wanasema mwakani. Maharage yale yalisafiri kuliko wao.

Baada ya mazishi Kerryn alipiga simu. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka.

"Baba, njoo. Mama ameshaondoka, mimi nimebaki na wewe tu."

"Nitakuja."

"Siyo kuja tu. Ufike. Umenisikia? Ufike."

Merv akatandaza ramani peke yake. Akaweka punje. Safari hii kila kambi aliipigia simu na swali lilikuwa moja: "Mtu anaweza kuingia huku akatokea kule, bila kupiga rivasi?" Wakisema hapana, anaiondoa punje. Wengine walimcheka. Hakuwaambia kwa nini. Akachukua kopo la biskuti lenye majivu ya Nola, akaliweka kwenye kiti cha abiria, akalifunga mkanda.

Mpaka mji wa Ceduna mambo yalikwenda kama siagi. Huko akakutana na Col na mkewe Glenys, wazee wacheshi waliokuwa wanaelekea upande uleule. Asubuhi ile jua lilikuwa zuri, pepo za bahari zinapoza, na Glenys alikuwa anachemsha karoti zake zote, kwa sababu kwenye mpaka wa majimbo maofisa wanapokonya mboga mbichi na yeye alishaapa hatawaachia hata jani.

Col aliitazama ramani ya Merv akaguna. "Mzee mwenzangu, hii safari yako mbona kama ya panya? Kila shimo lazima liwe na matundu mawili?"

"Napenda hivyo."

"Haya. Kesho asubuhi tutakunywa chai pamoja mpakani. Ila ukipita kwenye majabali ya baharini, ikifika jioni uzime redio koli."

"Kwa nini?"

Col akapunguza sauti. "Madereva wa malori wanasema kuna kitu huko. Mchana kutwa kinasikiliza watu wanavyoongea redioni. Jioni kinajibu."

"Muache mwenzio, Col," Glenys akamkemea. "Ana majonzi."

"Simtishi. Namwambia tu."

Merv akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mwezi wa nne, na alikitoa kwa jambo ambalo hakupaswa kulicheka.

Col na Glenys walitangulia. Merv akafuata taratibu. Barabara ile imenyooka, nakwambia, imenyooka mpaka ukikaza macho unaona kisogo chako mwenyewe mbele. Hakuna kona, hakuna mti, hakuna mtu wa kumpungia mkono. Kopo limekaa kimya kwenye kiti. Upweke ukamkaba. Akanyanyua redio, akatafuta chaneli ambayo haina mtu, akabonyeza.

"Nola mpenzi, leo tunalala mpakani."

Alipokuwa hai hakuwahi kumwita mpenzi hata siku moja. Wala Nola hakuwahi kumwita yeye hivyo. Merv angethubutu, Nola angemnusa mdomo kujua amekunywa nini. Lakini marehemu hanusi mtu mdomo, basi Merv akaendelea. Akamweleza mipango yote ya kulala. Akamweleza mtoto wa Kerryn anayekuja. Akamwambia, mpenzi, kitanda kimekuwa kipana mno. Akamwambia, nimechoka kulala peke yangu. Mchana kutwa aliongea, na kila alipoachia kitufe redio ilivuma kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi ili asikose neno.

Upepo ulikuwa wa usoni. Upepo wa kunyoa ndevu bila wembe. Gari likawa linanguruma halisogei, jua likateremka mbele ya macho yake, na mpaka bado uko mbali. Saa ile kangaruu wanaanza kuruka barabarani, na kangaruu mmoja akikuingia kwenye kioo habari yako imekwisha. Punje ya maharage ya siku ile haikufikika. Merv akaona njia ya vumbi inayoelekea majabalini, akakata kona.

Njia ilijipinda, ikajipinda tena. Ukungu ukapanda kutoka baharini kama maziwa yanayofurika sufuria. Ghafla mbele yake pakawa na rundo la mawe. Njia ilikuwa imefungwa.

Kulia vichaka. Kushoto vichaka. Hapageuziki.

Ilibidi apige rivasi.

Alikaa na mikono kwenye usukani. Kwenye saitimira hakuona kitu ila weupe. Bahari ilikuwa inaunguruma, na kwa jinsi ukungu ulivyozungusha sauti, alidhani iko mbele, nyuma ya mawe.

Redio ikakwaruza.

"Merv."

Akageukia kopo. Mkanda bado umefungwa.

"Merv mpenzi. Nipo nyuma yako. Njoo."

Ilikuwa sauti ya Nola. Ule mkwaruzo wake wa kooni, ule wa mtu aliyeacha sigara amechelewa. Machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu.

"Nola?"

"Njoo taratibu. Nafasi ipo."

Akaweka gia. Karavani ikarudi nyuma. Ikanyooka. Yeye, Merv, ambaye hajawahi kunyoosha rivasi tangu azaliwe, siku hiyo alirudi kama uzi kwenye sindano.

"Hivyo hivyo, mpenzi. Njoo."

"Kushoto au kulia?" akanong'ona. Alitaka kufokewa. Alitaka kuitwa kichwa maji.

"Njoo tu. Hutalala peke yako tena."

Hapo akajua.

Alijua kabisa. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya mchana, yanarudishwa. Nola hakuwa na neno mpenzi mdomoni. Nola alikuwa na matusi.

Alijua, na hakuondoa mguu.

"Njoo," ikasema redio. "Njoo. Njoo. Njoo."

Akafumba macho. Akamwona Kerryn na tumbo lake, amesimama mlangoni. Ufike, baba. Akaendelea kurudi.

Pa, pa.

Nyuma ya karavani. Viganja. Pete kwenye bati.

Mguu wake ulikanyaga breki kabla kichwa hakijaamua. Akavuta handbreki. Akazima gari.

Kisha redio ikatoa pumzi ndefu. Sauti iliyotoka haikuwa ya Nola wala ya mtu.

"Ilibaki kidogo tu."

Ikazimika yenyewe.

"Nola!" Merv akaita dirishani. "Nola! Nitukane basi!"

Akalifungua mkanda lile kopo, akalipakata, akakaa hivyo mpaka kulipokucha.

Col ndiye aliyemkuta. Alikuwa amemsubiri na chai mpakani asimwone, akarudi barabarani anachungulia kila njia ya vumbi. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua linawaka kama hakuna kilichotokea. Akaja anatembea anacheka.

"Panya! Leo umeingia tundu moja?"

Akazunguka kwenda nyuma. Kicheko kikakatika.

Aliporudi dirishani midomo ilikuwa imemkauka.

"Merv," akasema polepole, "usiwashe gari. Shuka upande wangu. Usiguse kitu."

Merv akashuka. Akaona.

Bahari haikuwa mbele; njia ilikuwa imejipinda kando ya ukingo, na yeye alikuwa amerudi moja kwa moja. Matairi ya karavani yalikuwa yamekanyaga ukingo wenyewe, kokoto zinadondoka moja moja. Nyuma yote ya karavani, pale penye dirisha la kitanda, ilikuwa inaning'inia hewani. Chini yake hakukuwa na kitu. Ardhi imekatwa kama mkate, na mawimbi yako chini huko, madogo kama mikunjo ya shuka.

Wakalala kifudifudi pembeni wakachungulia. Bati la nyuma lilikuwa na vumbi jekundu la safari nzima. Katikati ya vumbi kulikuwa na alama mbili za viganja. Cha kushoto kina mchubuko mwembamba, wa pete.

"Nani alisimama pale?" Col akanong'ona.

Pale hapakuwa na pa kusimama.

Waliivuta karavani mbele kwa gari la Col, sentimita kwa sentimita. Baadaye Glenys, aliyekuwa amebaki kwenye gari lao, alipokuwa anawatafutia vikombe ndani ya karavani ya Merv, akafungua droo ya vijiko akaikuta redio koli ya Nola. Ilikuwa baridi. Haikuwa na betri. Merv alizitoa mwenyewe siku ya mazishi.

Alifika Perth. Alifika, kama alivyoambiwa. Kerryn alitoka nje na tumbo lake, akaliona lile gari limesimama barabarani halithubutu kuingia uani, akaelewa. Akaenda nyuma.

"Haya, rudi!" akapaza sauti. "Kulia. Kulia kwako, siyo kwangu! Baba, wewe hukusoma?"

Merv alirudi huku analia, akagonga sanduku la barua, na hakuna aliyejali.

Majira ya baridi yakaingia na mvua zake. Mtoto akazaliwa, wa kike. Majivu ya Nola waliyamwaga pamoja, kimyakimya, sehemu waliyoijua wao. Mvua ikaosha karavani, ikaondoa vumbi lote la Nullarbor, bati likang'aa. Viganja vikabaki. Merv hakutumia sabuni wala kitambaa pale. Jioni zote alikuwa anaweka betri kwenye ile redio ya Nola, anakaa nyuma ya karavani, anabonyeza.

"Nitukane," anasema. "Neno moja tu."

Redio inavuma, basi.

Jioni moja Kerryn akaja na mtoto begani kumwita ale. Akaziona alama, akazitazama sana. Akanyoosha mkono wake, mkono wa mama yake kabisa, akaweka kiganja juu ya kile cha kushoto. Kikaenea kidole kwa kidole.

Akakitoa haraka.

"Baba," akasema taratibu. "Pana joto."

Merv akainuka kwenye kiti. Akaweka kiganja chake palepale, akakikandamiza, akasubiri. Akabadilisha mkono. Akalaza shavu.

Bati lilikuwa baridi.