Uji wa Karanga na Maziwa

Kila asubuhi Umuhoza alipeleka bidoni, yaani dumu, la maziwa ya kuuza barabarani Mushaki, kisha akarudi mbio kumlisha mdogo wake Kagabo kabla ya shule. Mtoto huyo alikuwa na bwaki, ugonjwa wa utapiamlo: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, hata kulia kulikuwa kunamshinda. Mama yao, Daphrose, alijifunza mapishi pamoja na mama wengine wenye watoto wagonjwa kwenye uwanja wa kanisa, ambako waligawiwa unga na karanga. Kabla ya kwenda kulima alimwachia Umuhoza uji aliofundishwa huko, wa mahindi, maziwa na karanga za kusaga.

Karanga na maziwa! Bibi yake alimwambia tangu zamani kwamba anayechanganya vitu hivyo hukausha kiwele cha ng'ombe. Na ng'ombe waliyebaki naye baada ya vita alikuwa mmoja tu. Basi kila siku Umuhoza aliumwaga uji nyuma ya zizi, akampa Kagabo viazi vitupu. Mama akiuliza, alijibu, "Amekula yote." Uongo ulimtoka bila hata kukwama.

Siku ya kupima watoto pale kanisani, Umuhoza akiwapo, Mama Béata, mwalimu wa mapishi, alimfunga Kagabo mkononi utepe wa kupimia unene wa mkono. Ukaonyesha rangi nyekundu, ile ya hatari.

"Daphrose, huu uji unakulaka weye?" alifoka.

"Unaniita mwizi wa chakula ya mutoto wangu?"

"Wenye ng'ombe njo vile," mwanamke mmoja akadakia. "Wanauzisha maziwa, mutoto anabakia mifupa. Mumutoshe hapa, aende kwake!"

Wengine wakacheka kwa dharau. "Kesho usirudie hapa," alisema Mama Béata. "Nafasi yako nitapatia mwingine."

Kwa hasira na aibu, Daphrose alimbeba Kagabo ili aondoke. Umuhoza aliona wazi kwamba akinyamaza, Kagabo atakosa hata uji wenyewe.

"Iko mimi!" alilia. "Mimi njo nilikuwa namwanga uji. Niliogopa ng'ombe atakauka."

"Ulinidanganya kila siku," mama yake alisema, "na mutoto anakufa!"

Mama Béata alimsukumia Umuhoza kikombe cha uji. "Mulishe hapa, tuone sisi wote."

Wiki zikapita, Umuhoza akimlisha Kagabo uji ule kila siku. Ng'ombe hakukauka, na Kagabo akaanza kulilia kuongezewa. Wanawake wale hawakuomba msamaha, wala Daphrose hakuwasalimia.

Siku utepe ulipoonyesha kijani, rangi ya uzima, Mama Béata alimwita Umuhoza mbele ya wote.

"Kuogopa haiko makosa," alisema. "Makosa ni kusema amekula. Ungeniambia ukweli siku ya kwanza, tungemupikia uji na maji, bila maziwa, na mutoto angepona zamani."