Majina Matatu ya Ottilia

Jumapili ile tulitoka misa ya kwanza, tukanywa chai na mihogo ya kuchemsha, mume wangu Methodi akafunga redio kaseti yake nyuma ya pikipiki, nami nikapanda. Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka 1997. Makampuni ya watu binafsi yalikuwa yameanza kununua kahawa, pesa ikaingia, Mbinga ikajaa baa, na kila baa ilitaka muziki. Methodi alikuwa na duka la kanda karibu na stendi. Alisema watu wamechoka na bendi za Dar, wanataka kusikia watu wa kwao. Basi kila Jumapili mchana tulizunguka vilabu vya pombe vya vijijini, Ruanda, Ukata, mpaka kule chini kuelekea ziwani, kutafuta waimbaji ambao hakuna aliyewajua nje ya kijiji chao.

Sitaki kumsema vibaya tangu mwanzo. Alikuwa na sikio. Mzee mmoja wa Ukata, mpiga gitaa la kopo lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, ni Methodi aliyemtoa, na jina la mzee yule aliliandika kubwa juu ya kanda. Wote aliwatendea hivyo. Ottilia peke yake ndiye ambaye hakumtendea hivyo.

Tulimkuta kijiji cha Tingi, kwenye kilabu cha pombe ya komoni chenye mabenchi manne na paa la nyasi. Mama wa makamo, mwembamba, amesimama katikati bila ala yoyote. Kaka yake Leopold alimgongea debe kwa vidole viwili, basi. Alipoanza kuimba, walevi waliweka vikombe chini.

Aliimba Kimpoto. Aliolewa Tingi lakini kwao ni ziwani, kama kwetu, hivyo nilimwelewa neno kwa neno. Alikuwa anawaita watoto wake. Mansuetus, rudi, ugali umeiva. Kisha akanyamaza kiasi cha pumzi moja. Tadea, rudi, kuna baridi. Akanyamaza. Osmund, rudi, mama bado yuko macho. Akanyamaza tena, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango.

Leopold alitueleza. Watoto wale walizama na mtumbwi karibu na Liuli, miaka tisa nyuma. Hawakupatikana.

Methodi aliomba arekodi.

"Nyimbo nyingine chukua, baba," Ottilia alimjibu. "Huu hapana."

"Kwa nini, mama?"

Aliteremsha sauti. "Huwa wanasikia. Akiwaita mtu mwingine, watadhani ndiye mzazi wao. Watamfuata."

Methodi akaitikia kwa adabu zote. Akamwomba auimbe mara moja tu, tuagane. Kisha akavua koti, akaifunika redio. Kabla koti halijatua nilikiona kitufe chekundu. Kilikuwa kimebonyezwa.

Nikatazama pembeni.

Nyumbani aliusikiliza wimbo ule wiki nzima. Hakujua Kimpoto, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfundisha kutamka. Akakusanya wapigaji watatu, wakaenda Dar kurekodi, na kanda ikatoka na picha yake. Chini yake iliandikwa: mtunzi, Methodi. Redio moja ya binafsi ikaupenda. Ukapigwa asubuhi, mchana, jioni. Katika baa alimokuwa sasa akiimba kila Jumapili, watu wasiojua hata neno moja la wimbo walijifunza mchezo: akiita jina, wao wanapiga kelele, "Naam!" Wanacheka, wanagonga meza.

Ottilia alifika dukani siku ya gulio, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

Hakuitikia. Alimtazama Methodi. "Baba, acha kuwaita wanangu."

Duka lilikuwa limejaa watu. Methodi akacheka. "Wanao gani? Wimbo nimeutunga mwenyewe. Jamani, huyu mama komoni imempanda kichwani."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamtupia ganda la chungwa, likamgonga shingoni. Hakulipangusa. Alinigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe lugha yetu unaijua. Waambie ninachosema katika wimbo ule."

Nikaanza kupanga kanda rafuni. Zilikuwa zimeshapangwa. Nikazipanga tena.

"Haya," akasema taratibu. "Mmewataka. Waleeni."

Akaondoka.

Jumapili iliyofuata, baa ilifurika. Methodi akaita, "Mansuetus!" Watu wakajibu, "Naam!" Kelele zikatulia. Halafu, baada ya wote, akaitika mmoja aliyechelewa. Sauti ya mtoto. Ilitoka nyuma ya Methodi, upande wa ukuta ambako hapakuwa na mtu.

"Naam."

Watu wakacheka wakidhani ni utani. Methodi hakucheka. Alikohoa, akajifuta mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa na mchanga.

Wiki mbili baadaye, alipomwita Tadea, aliitika msichana. "Abee." Safari hii alikuwa karibu zaidi, na mpiga gitaa aliangusha gitaa akatoka nje, hakurudi. Siku ile Methodi alitapika maji, bakuli zima, ya baridi, yananuka dagaa wabichi. Hospitali walimpiga picha ya kifua. Walisema hawaoni kitu.

Aliacha kuimba. Alichoma kanda zote za dukani. Alizunguka saluni na mahoteli akiwasihi watu wampe kanda zao, wakamwona kachanganyikiwa. Lakini redio ilikuwa Dar. Alituma barua, hazikujibiwa. Kila siku sauti yake mwenyewe iliendelea kuita, asubuhi, mchana, jioni. Na kila ilipoita, alikohoa.

Tukaenda Tingi kuomba msamaha.

Ottilia alikuwa amekaa juani nje ya kilabu, anamenya mihogo. Nilishtuka. Alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa. Methodi akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya wanywaji wote.

"Mama, wachukue," alinong'ona.

"Kina nani?"

"Wanao."

"Wanangu gani? Si umeutunga mwenyewe?"

Methodi akalia. Ottilia akaendelea kumenya. Akanisemesha mimi kwa Kimpoto, polepole.

"Miaka tisa sikulala. Nikifumba macho, wananiambia wanasikia baridi. Sasa nalala mpaka jua linanichoma. Nikiwaita watarudi, hilo nalijua. Siwaiti." Akaokota muhogo mwingine. "Mdogo ameshaitika?"

"Bado, mama."

"Osmund alikuwa mzito wa kusikia. Lazima aitwe sana." Akatabasamu. "Redio inamsaidia."

Ilikuwa Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, jua kali. Methodi alikuwa amejilaza chumbani. Mimi nilikuwa uani nachambua kahawa kwenye mkeka. Saluni ya jirani wakafungua redio.

Nikausikia wimbo. Nikasimama.

Redio ikaita, "Mansuetus."

"Naam." Ndani. Ndani ya nyumba yangu.

"Tadea."

"Abee."

Nikakimbilia mlango wa chumba. Ulikuwa mzito. Niliusukuma kwa bega. Haukusogea, kama umeegemewa kwa ndani.

"Osmund."

Kimya. Pumzi moja ikapita. Nikasema moyoni, hajasikia.

Kisha sauti ndogo, ya mtoto aliyeamshwa usingizini.

"Naam, baba. Tumefika."

Mlango ukalegea wenyewe. Methodi alilala chali, macho wazi. Shuka lilikuwa kavu. Godoro kavu. Maji yalikuwa yanamtoka puani na mdomoni, taratibu, hayaishi. Cheti cha kifo kiliandikwa kifua.

Ottilia alikuja msibani na kitenge kipya. Alikula wali, akanawa mikono. Hakutoa chozi. Kabla ya kuondoka aliniinamia sikioni.

"Wewe nimewaambia wakuache kwanza. Uliweza kunyamaza. Sasa utanyamaza nao."

Siku ya kuanua tanga, wanawake walihamisha kitanda ili wapige deki. Wifi yangu Winifrida akaniita kwa mkono. Akanionyesha ukuta. Usawa wa kifua changu palikuwa na mstari wa maji, wa kahawia, umenyooka, umezunguka kuta zote nne. Katika mstari ule walikuwa wamenasa konokono wadogo wa ziwani, mamia. Kutoka Mbinga hadi ziwani kwa miguu si chini ya siku mbili.

Nimepiga chokaa mara tatu, mstari unarudi. Konokono nawabandua kwa kisu, nawatupa mbali.

Mwaka huu mstari umepita kichwa changu. Umebakiza viganja viwili kufika darini.